Do, re, mi na vile vidoti vyenye mikia

Leo tena historia, ila siyo Mkutano wa Berlin, msikimbie.

Kwenye okestra yetu hapa chuo (tunapiga kwa mapenzi tu, hakuna anayelipwa) mwenzangu wa fidla kaniuliza eti kwetu Mang'ola watu wanajua kusoma muziki? Alimaanisha ile mistari mitano. Hiyo kweli inanitoa jasho: mimi bado nahesabu mistari, wenzangu washafika ukurasa wa pili. Lakini nipe karatasi yenye d :r |m :s uone. Kwaya yetu ya kanisani imejaa wakulima wa vitunguu wanaozisoma hizo kama barua ya nyumbani.

Na zina historia, jamani. Majina ya do, re, mi chimbuko lake ni mtawa Guido wa Arezzo, karne ya 11. Kuyageuza yawe herufi tupu ni kazi ya mwalimu mmoja wa Norwich, Uingereza, mama Sarah Glover. Miaka ya 1840 mchungaji John Curwen akazichukua, akazirekebisha, akazieneza. Siri yake ni bei: mtambo wowote wa kuchapa una herufi, na chaki ubaoni inatosha. Wamisionari wakazibeba. Kule Afrika Kusini mwalimu wa shule, Enoch Sontonga, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897, naye nyimbo zake aliziandika kwa herufi hizo hizo. Mwaka 1961 Tanganyika ikaichukua tuni hiyo kwa Mungu Ibariki Afrika. Sasa nani hajui kusoma muziki?

Tena kuna wasiohitaji karatasi kabisa. Ikhwani Safaa ya Zanzibar ipo tangu 1905, na wapigaji wengi wa taarab, fidla kwa kanuni, walifundishwa kwa sikio. Chuo cha muziki cha DCMA kilianza 2002 tu. Na majirani zetu Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, ngoma yao ya epeme huchezwa usiku usio na mwezi. Hapo nota ungezisomea wapi?

Ila tusidanganyane, herufi zina kasoro. Zilitengenezwa kwa ajili ya koo, siyo nyuzi. Do inahama: leo ni G, kesho F. Mwimbaji hajali, anapewa sauti ya kuanzia anaondoka nayo. Mpiga fidla lazima ajue kidole kinakwenda wapi. Wimbo ukibadili ufunguo katikati ndio balaa kabisa, maana do mpya inazaliwa huku unapiga.

Kwa hiyo mimi naandika d, r, m kwa penseli chini ya kila nota. Kiongozi wetu hapendi, anasema nachelewesha macho kuzoea. Huenda ana haki. Lakini wiki iliyopita yule wa selo kaomba anakili za kwangu, na yule aliyeniuliza habari za Mang'ola naye kachungulia.

Mazoezi Jumamosi saa kumi, ukumbi ule ule. Njooni na penseli, yangu imebaki kipande.