Neno moja nililofuta: historia ndogo ya kuamsha Linux

Mwaka wangu wa mwisho pale iniversite nilifika mbele ya jiri na Raspberry Pi yenye kupima maji ndani ya tanki. Nikaitia umeme. Ikakwama: haikuona kadi yake. Usiku wa mbele, miye mwenyewe nilifuta neno rootwait katika faili ya cmdline.txt, nikifikiri halina kazi. Sikujaribu tena.

Njo nikaanza kutafuta haya maneno yalitoka wapi.

Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alipotoa Linux ya kwanza, habari ya diski ilikuwa imefungwa ndani ya kerneli yenyewe. Aliwaza kompyuta yake tu. Mwenye diski ingine alipaswa kugusa kerneli. Kisha LILO ya Werner Almesberger ikaruhusu mtu aandike maagizo kwa nje, wakati wa kuwasha. Kwa mashine ndogo zisizo na skrini, kazi ile ikashikwa na U-Boot ya Wolfgang Denk, iliyoitwa PPCBoot mpaka 2002. Yenyewe inatunza maagizo kwa jina bootargs.

Mwaka 2011 Torvalds akalalamika wazi juu ya fujo ya ARM: kila karte ilileta kodi yake ndani ya kerneli. Jibu likawa mti wa vifaa, faili ya pembeni yenye kueleza karte iko na nini.

Munaona? Kila mara, mambo ya mashine moja yanatolewa ndani ya kerneli ili kerneli itumikie wengi. Lakini basi uamuzi unabaki kwetu. root= inasema mafaili yako wapi. rootwait inasema ngoja kadi ionekane kwanza. console= inasema ujumbe utoke wapi; quiet inauficha, hata siku unauhitaji. Na kama karte iko mbali kule juu ya mlima, panic=10 inaamuru kerneli ikianguka ijiwashe upya kisha sekunde 10. Bila hiyo, kwa kawaida inabaki vile mpaka mtu apande.

Jiri walinipa dakika 10. Nikarudisha neno langu, maji yakapimwa.

Usinakili mstari wa mtu kabla ya kujiuliza mashine yako itaishi wapi. Na neno usilolijua, liulize mbele ya kulifuta.