Chumvi shambani: dawa ya Nyakoe si dawa ya Hola

Hapa Nyakoe, Kisii, ninakoishi, mvua hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Mvua hiyo huosha kalsiamu na kuishusha chini, udongo ukabaki na asidi. Ndiyo maana wakulima wa huku hutia chokaa. Jamaa zangu wa Pwani wakisikia hivyo huniuliza: na sisi wa Hola, Bura na Taveta tutie? Jibu langu ni moja: subirini kwanza. Sisi mvua inatuosha kupita kiasi. Nyinyi haiwaoshi vya kutosha.

Chumvi hutoka wapi?

Maji ya mto na ya kisima yote yana chumvi, hata yale tunayoyaita baridi. Mmea hunywa maji na kuiacha chumvi. Jua nalo hukausha maji yaliyobaki. Chukua maji yenye gramu 0.64 za chumvi kwa lita. Ukimwagilia hekta moja kwa kina cha milimita 500 katika msimu, umetia lita milioni 5, na ndani yake tani 3.2 za chumvi. Maji ya chini yakiwa karibu, nayo hupanda kama mafuta kwenye utambi wa taa. Katika delta ya Tana, mto ukipungua, bahari huingia.

Tambua aina yake

Udongo wa chumvi huonyesha ukoko mweupe, lakini maji bado hupenya. Udongo wa magadi una sodiamu nyingi: ukilowa hugeuka tope, ukikauka huwa mgumu kama sakafu, na maji husimama juu yake.

Maabara hupima chumvi kwa desisimensi kwa mita. Kipimo cha 4 kwenda juu huitwa udongo wa chumvi. Hata hivyo, maharagwe huanza kupunguza mavuno kikipita 1, vitunguu 1.2 na mahindi 1.7. Pamba huvumilia hadi 7.7.

La kufanya

1. Pima udongo na maji. Anzia KALRO, yenye vituo Mtwapa na Matuga. Uliza mambo matatu: chumvi, sodiamu na asidi.
2. Chimba mtaro wa kutolea maji kabla ya kuosha. Bila mtaro, maji ya kuoshea huinua maji ya chini, na chumvi hurudi nayo.
3. Osha. Kina cha maji kinacholingana na kina cha udongo huondoa takriban asilimia 80 ya chumvi.
4. Kwenye magadi, tia jasi kwanza, kisha osha. Kalsiamu yake huchukua nafasi ya sodiamu. Chokaa haifai hapo, kwa sababu haiyeyuki vizuri kwenye udongo wa alkali.
5. Panda ubavuni mwa tuta, si kileleni, maana chumvi hukusanyika juu. Tandaza majani ili jua lisinyonye maji.

Ndugu zangu, chokaa iliyotiwa mahali pasipostahili ni pesa iliyopotea, lakini pesa hutafutwa tena. Kumwagilia miaka na miaka bila mtaro hupoteza shamba lenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta wa chumvi ni ghali. Kabla ya kununua mfuko wowote, lipieni kipimo.