Mkono wa Kushoto Ulivyorudi Kwenye Mchoro

Kubana picha kwa vidole viwili ili ipungue, na kuvitanua ili ikue, kumezoeleka kuhesabiwa kuwa zao la simu ya iPhone ya mwaka 2007. Kwa tarehe dai hilo halisimami, kwani Myron Krueger wa Marekani alikwisha kuonyesha ishara za namna hiyo miaka ya 1980 katika mradi wake wa Videoplace. Ila kwa wachoraji suala si nani alitangulia. Katika programu za kuchorea, vidole vilirudisha kazi ambayo mkono wa kushoto umeifanya tangu karatasi iwepo, na ambayo kompyuta iliupokonya njiani. Mwanzoni haikuupokonya. Sketchpad, programu aliyoiandika Ivan Sutherland katika chuo cha MIT na kuiwasilisha mwaka 1963, ilimpa mchoraji kalamu ya mwanga mkono mmoja na vitufe mkono wa pili, na chini ya kioo kulikuwa na swichi za kuzungusha, kama zile za redio za zamani, za kusogeza mchoro na kuukuza.

Ushahidi kwamba mkono huo una kazi yake ulitolewa mwaka 1987 na Mfaransa Yves Guiard. Alimwandikisha mtu imla huku karatasi ya kaboni imefichwa chini ya ukurasa. Ukurasa wa juu ulijaa mistari kama kawaida, lakini alama zilizobaki chini zilirundikana katika eneo dogo tu, kwa sababu muda wote mkono wa kushoto ulikuwa ukiisogeza karatasi ili kalamu isihitaji kwenda mbali. Fundi cherehani hahitaji kuelezwa hili: sindano husimama pale pale, kitambaa ndicho kinachoongozwa. (Kwa mtu wa shoto, geuza mikono, hoja ni ileile.)

Puku ya mezani, yaani mausi, ndiyo iliyovunja ushirika huo. Katika MacPaint ya mwaka 1984, ukurasa ulikuwa mkubwa kuliko dirisha lake, na aliyetaka kuusogeza alipaswa kuiacha penseli na kuchagua alama ya kiganja, akaburuta, kisha akairudia penseli. Mkono mmoja ukawa fundi na msaidizi wake. Miaka miwili baadaye Bill Buxton na Brad Myers walionyesha kwamba watu waliopewa kifaa cha pili kwa mkono wa kushoto waliitumia mikono yote miwili kwa pamoja bila kufundishwa, na kwamba katika kutembeza waraka na kuchagua maneno walifanya haraka kuliko wa mkono mmoja. Sekta haikushtuka. Kuuzungusha ukurasa wenyewe, jambo ambalo mtoto hulifanya bila kufikiri, kuliingia Photoshop mwaka 2008 tu.

Kuna atakayesema kwamba mkono wa kushoto haukukaa bure, ulikuwa juu ya kibodi. Ni kweli, na wachoraji mahiri hubonyeza vitufe haraka ajabu. Lakini kitufe husema ndiyo au hapana. Hakisemi kiasi gani wala upande upi. Hayo bado huamuliwa na mkono wa kulia, ambao hauna budi kukatiza mstari.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba mguso hukosea. Kiganja huacha doa, na vidole viwili vinavyosogeza, kukuza na kuzungusha kwa mkupuo mmoja huupindisha ukurasa wa mtu aliyetaka kuukuza tu. Tena vidole havitui sawia: cha kwanza kikigusa kioo, programu haijui kama ni mwanzo wa mstari au nusu ya ishara, hivyo ama isubiri kidogo na kuonekana nzito, ama ichore kisha ifute. Shida hiyo ilitokana na kutotofautisha kalamu na kidole. Kwenye iPad za awali, kalamu ya ncha ya mpira ilikuwa kidole kingine tu machoni mwa kioo. Apple Pencil ilipotoka mwaka 2015, na kabla yake vifaa vya Wacom vilivyoitambua kalamu kwa njia yake ya pekee, kazi ziligawanyika: kalamu ichore, vidole vishike ukurasa. Kilichobaki ni kipimo cha digrii ngapi vidole vizunguke kabla ukurasa haujaanza kugeuka, na swichi ya kuuzima mzunguko huo kwa mchoraji wa ramani za majengo, ambaye mistari yake haitakiwi kwenda upande.