Kovu la Televisheni

Mwaka juzi akina mama watano wa mtaani kwetu Mabanga, wenye kucheza likelemba kila juma, walikata shauri kununua televisheni kubwa. Kusudi lao lilikuwa kuonyesha mpira na filamu katika chumba cha mmoja wao, kila mtazamaji alipe kidogo mlangoni. Kikapatikana chombo kizuri mno, chembamba kuliko kitabu, kilichokwisha kutumika ng'ambo, tena kwa nusu ya bei ya kipya. Muuzaji aliwawashia filamu ya samaki wa baharini, rangi za kila namna zikipita mbio. Wakalipa. Jumamosi mpira ulipoanza, juu ya nyasi za kiwanja ukaonekana mkanda wa giza upande wa chini, na pembeni kivuli cha herufi. Walibadili kituo, kivuli kipo. Walizima na kuwasha, kivuli kipo. Wakatuita: "Mwalimu, njoo utuangalizie, televisheni hii imeingiwa na mzimu gani?"

Hapana mzimu. Ni ugonjwa wenye umri karibu sawa na televisheni yenyewe, nasi twaona yafaa kusimulia asili yake, maana vyombo hivi sasa vyafika Goma kwa wingi.

Mwaka 1897, Mjerumani Karl Ferdinand Braun, mwalimu wa chuo kikuu cha Strasbourg, alitengeneza bomba la kioo lililotolewa hewa, ambamo mshale wa elektroni hupiga kioo kilichopakwa unga, na unga ule hung'aa. Televisheni za wazee wetu, zile masanduku mazito yenye kitako kirefu, zote ni wajukuu wa bomba hilo. Lakini unga huchoka. Mahali panapopigwa mno hufifia kuliko jirani zake, na kufifia huko ndiko watu wanakoita kuungua, ingawa hapana moto wala masizi. Tena zile za mwanzo zilikuwa na balaa nyingine: ndani ya bomba zilibaki chembe nzito za umeme ziitwazo ioni, ambazo sumaku zenye kuupinda mshale hazikuweza kuzipinda vya kutosha, basi zikaenda moja kwa moja kupiga katikati ya kioo na kufanya doa. Mafundi walitega mtego wa sumaku shingoni mwa bomba, halafu wakapaka utando mwembamba wa alumini nyuma ya unga, na doa likakoma.

Doa likakoma, lakini kuchoka hakukukoma. Hata hivyo nyumbani watu hawakuona sana kovu, kwa sababu picha ilikuwa ikienda. Televisheni ilianza Kinshasa mwaka 1966. Zanzibar ikapata ya rangi mapema katika miaka ya 1970, hali Tanzania Bara ilingoja mpaka 1994. Wakubwa wetu wangali wanakumbuka jinsi habari za Zaire zilivyofunguliwa kwa uso wa Mobutu ukishuka kutoka mawinguni. Uso ule ulionekana kila jioni miaka na miaka, wala haukuunguza kioo, maana ulishuka ukapita. (Mengine yaliyoungua wakati ule si habari ya leo.) Makovu yalipatikana kwenye mashine zenye kuonyesha kitu kimoja mchana na usiku: vioo vya benki, vya viwanja vya ndege, na vya ule mchezo wa Pac-Man wa mwaka 1980, ambao njia zake zilisomeka hata chombo kikiwa kimezimwa. Kwa ajili hiyo mwaka 1983 Mmarekani John Socha aliandika programu ndogo ya kukizima kioo cha kompyuta kisipoguswa kwa muda.

Katika miaka ya 1980 na 1990 vituo vya televisheni vikaanza kutia alama yao pembeni, isiyotoka. Kisha vituo vya habari vikaongeza mkanda wa maneno chini. Hapo kitu kisichoenda kikaingia nyumbani. Wakati uo huo zikaja televisheni za plasma, zilizobuniwa mwaka 1964 katika Chuo Kikuu cha Illinois na Donald Bitzer, Gene Slottow na Robert Willson. Nazo zilitumia unga wenye kung'aa, zikarithi ugonjwa. Panasonic iliacha kuzitengeneza mwaka 2013.

Televisheni ya mama zetu ni ya namna nyingine, iitwayo OLED. Mwaka 1987 Ching Tang na Steven Van Slyke wa kiwanda cha Kodak walionyesha kwamba tabaka nyembamba sana za kemikali za kaboni hutoa mwanga zipitiwapo na umeme. Sony iliuza ya kwanza mwaka 2007, ndogo ya inchi 11. Mwaka 2013 LG ikatoa ya inchi 55. Uzuri wake ni kwamba kila nukta hujiwasha na kujizima peke yake, ndiyo maana weusi wake ni weusi kweli. Lakini kijiwashacho peke yake huchoka peke yake. Televisheni za bei ndogo zilizojaa Mabanga haziko hivyo: taa yao iko nyuma, mbele ni kama mapazia madogo yanayofunguka na kufunga. Kwa hiyo maskini ameponea hapo alipopatikana tajiri. Watu wa Rtings, wapimaji wa vyombo huko Kanada, mwaka 2018 waliweka televisheni sita za OLED za LG, kila moja na kazi yake, wakazipitisha saa 9,000. Iliyoonyeshwa CNN kwa mwanga mkali ilipata kovu la alama ile nyekundu. Iliyocheza vipindi vya namna mbalimbali ilisalimika.

Sasa lipo jambo linalotuhusu sisi kuliko watu wa Seoul. Chombo hiki kina tiba yake ndani. LG yaeleza kwamba kikiisha kutazamwa saa nne, kisha kikazimwa kwa rimoti, hukaa dakika chache kikijipima nukta zake na kusawazisha zilizochoka. Lakini sharti umeme ubaki ukutani. Nani Mabanga aachaye waya ukutani? Umeme hukatika na kurudi kwa nguvu ya kuua friji, basi kila mwenye busara huchomoa. Mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia mjini na nyaya kukatwa, siku zilipita hapana umeme kabisa. Hivyo chombo hulala bila tiba usiku baada ya usiku. Kikipata kifaa cha kusawazisha umeme na betri, chaweza kubaki ukutani kwa dakika hizo bila hofu.

Na anunuaye kilichotumika asikubali samaki wa baharini. Aombe picha tupu ya rangi moja, nyekundu, kisha ya kijivu, chumba kikiwa giza. Kovu halina pa kujificha hapo. Wakati mwingine ni kivuli cha kupita, hutoka baada ya saa moja au mbili. Cha mama zetu hakikutoka.

Mbele ya shefu wa avenyu muuzaji alirudisha theluthi ya fedha. Siku hizi mama huonyesha zaidi filamu zile pana, zenye mkanda mweusi juu na chini, na kovu la chini hujificha humo. Tuliwaambia kwamba hilo nalo lina deni lake: katikati itachoka, pembe zisichoke, na siku moja mpaka utaonekana. Mama mwenye chumba akauliza ni baada ya muda gani. Tukahesabu naye saa tano kila jioni, tukatoa siku za giza, ikatoka miaka. Akasema kufikia hapo likelemba itakuwa imemzungukia tena mara nyingi, akaenda kufungua mlango, maana watu walikuwa wamekwisha kupanga mstari.