Kutoka Ngeu hadi Hina: Nywele za Nchi ya Chai

Kabla chai haijashika mizizi Kericho, kijana wa Kipsigis aliyetoka jandoni alitambulikana kwa kichwa chake. Alifuga nywele, akazisokota vikamba vyembamba, akazikusanya kisogoni zikaning'inia mgongoni, kisha akazipaka mafuta ya ng'ombe yaliyokorogwa na ngeu, udongo mwekundu uliosagwa laini. A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, aliandika juu ya mtindo wa namna hiyo kwa Wanandi, ndugu wa karibu wa Wakipsigis, katika kitabu chake cha mwaka 1909. Nywele ndefu na nyekundu zilikuwa sare ya muren, mlinzi wa mifugo na mipaka.

Wembe nao ulikuwa na zamu zake. Mwari alinyolewa alipoingia katika tohara, na aliyefiwa alinyoa pia. Wanawake wengi, kama majirani zao Wamaasai, walinyoa wakakipaka kichwa mafuta. Kwa hiyo mtu alipokutazama tu alijua umesimama wapi katika maisha: kama ungali mtoto, kama umeingia rika, kama nyumbani kwenu kuna msiba. Hata leo mwanariadha anaporudi kijijini na medali huvishwa sinendet, mmea mtambaa wa msituni ambao tangu zamani ni taji la walioshinda na waliohitimu.

Ni makosa kuudhani mchanganyiko ule wa ngeu na mafuta kuwa urembo mtupu. Nywele za Kiafrika zina mizunguko mingi, na mafuta yanayotoka kichwani hayatelemki kwa urahisi hadi ncha. Ndiyo maana hukauka na kukatika. Mafuta ya ng'ombe yalizuia maji yasitoroke katika unywele, na ngeu ilikinga jua kali la nyanda za juu. Wahimba wa Namibia wanaendelea na desturi ya aina hiyo hadi sasa kwa mchanganyiko wao wa siagi na ngeu uitwao otjize. Tukitumia lugha ya saluni za leo, muren alikuwa amejipaka kondishona na rangi kwa mkupuo mmoja, na hakuna aliyemfundisha ila wakubwa zake.

Mambo yalianza kugeuka reli ilipopita. Njia ya chuma ilifika Ziwa Victoria mwishoni mwa 1901, na stesheni ya Lumbwa, leo Kipkelion, ikawa lango la nchi ya Wakipsigis. Mwaka 1905 mmisionari Mmarekani Willis Hotchkiss alianzisha kituo chake cha kufundisha dini na ufundi. Misheni nyingine zikafuata, Litein na baadaye Tenwek upande wa Bomet, na serikali ikafungua shule Kabianga. Kila mlango wa namna hiyo ulikuwa na sharti lake la kichwa. Mwanafunzi alikatwa nywele na kuoshwa ngeu, akavaa nguo ya dukani. Usafi ukaanza kupimwa kwa ufupi wa nywele, na kipimo hicho kikadumu kuliko wakoloni wenyewe. Vizazi vya wasichana wa Kenya wamesoma sekondari wakiwa wamenyoa, na kwa wengi wao kidato cha nne kilipokwisha ndipo walipoziona nywele zao wenyewe zikirefuka kwa mara ya kwanza. Mtu anayefikia umri wa miaka kumi na minane bila kujua nywele zake zinataka nini, ataamini lolote atakaloambiwa na tangazo.

Katikati ya miaka ya 1920 kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilianza kupanda chai kwa wingi juu ya ardhi iliyokuwa ya Wakipsigis. Mashamba yalihitaji mikono, na mikono ilitoka mbali: Kisii, Nyanza, nchi ya Waluhya. Pamoja na watu ilikuja mikono ya kusuka. Mistari ya kulaza kichwani, nywele za kufunga kwa uzi mweusi, vibutu vya watoto, vyote vilipata makao katika kambi za wafanyakazi, ambako wanawake wa makabila mbalimbali waliishi ukuta kwa ukuta. Kusukana hakukuhitaji saluni. Kulitaka kigoda, kitana, mafuta kidogo, na Jumapili yenye jua.

Jua lenyewe, hata hivyo, ni la kuvizia. Kericho iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na mvua hunyesha karibu kila alasiri, mara nyingi na mawe. Mchuma chai hushinda ndani ya unyevu: kitambaa kichwani, pengine na mfuko wa plastiki juu yake, kikapu mgongoni. Nywele zinazolowa na kukauka kila siku chini ya kitambaa cha pamba, ambacho hufyonza mafuta na kusugua, hukatika pembeni mwa uso na kisogoni. Wasusi wa eneo hilo wanalijua tatizo hilo kuliko kitabu chochote.

Hina iliupanda mlima kwa njia mbili. Pwani, kuanzia Lamu hadi Unguja, mhina ulipandwa uani, majani yakakaushwa na kutwangwa, na bibi harusi hakutoka bila kupakwa mikono na miguu. Wazee walitia hina ndevuni, na nywele zenye mvi zikawa na rangi ya shaba. Waislamu waliofuata reli na biashara walibeba desturi hiyo hadi miji ya bara. Njia ya pili ilikuwa duka la Mhindi. Wafanyabiashara wa Kigujarati na mafundi wa Kipunjabi walijikita Kericho mapema, na wake zao walijua mehndi tangu utotoni. Kati ya mafundi hao alikuwemo Baba Puran Singh, Sikh aliyefanya kazi Kericho kabla ya kuhamia Uingereza na kuongoza jumuiya kubwa ya dini. Gurdwara ya Kericho iliyojengwa kwa kumbukumbu yake ni miongoni mwa majengo makubwa ya Masikh barani Afrika. Mji ule ulikuwa na jambo la kutafakari sana: mtaa mmoja wavulana wananyolewa ili waonekane wamestaarabika, mtaa wa jirani wanaume wanaapa kutokata unywele hata mmoja maisha yao yote, wakizichana kila siku kwa kitana cha mti na kuzihifadhi ndani ya kilemba.

Hata hivyo, kwa muda mrefu hina ilibaki ya Waislamu na Wahindi. Wanawake wengine wa nchi ya chai walikuwa na safari yao, na ilipitia motoni. Kwanza kilikuja kitana cha chuma kilichopashwa juu ya makaa, kisha dawa. Dawa za kunyoosha nywele, nyingi zilizobuniwa Marekani, hufanya kazi kwa kemikali kali, mara nyingi kostiki, inayovunja viungo ndani ya unywele hadi unalala. Ikikaa dakika chache za ziada, ngozi ya kichwa hubabuka. Chai ya wakulima wadogo, iliyosimamiwa na shirika la chai la KTDA tangu 1964, ilileta pesa ya bonasi mikononi mwa familia za vijijini, na saluni zikachipuka Litein, Kapkatet, Sotik, Silibwet na Bomet mjini. Nywele za dawa zikawa alama ya mtu aliyefika.

Biashara hiyo ilikuwa na Wakenya ndani yake, na historia ya mmoja wao inafaa ikumbukwe. Mwaka 1995 Paul Kinuthia alianza kukoroga shampuu na kondishona kwa mkono jijini Nairobi, akiwa na mtaji wa shilingi 3,000, akiuzia saluni moja baada ya nyingine. Kampuni yake, InterConsumer Products, ikamiliki chapa ya Nice & Lovely iliyofika hadi vibanda vya masoko ya vijijini, na mwaka 2013 kampuni kubwa ya Ufaransa, L'Oréal, ikanunua biashara yake ya vipodozi. Kondishona iliacha kuwa kitu cha matajiri wa mjini. Mtu aliyekuwa na sabuni ya kipande tu sasa aliweza kupata kitu cha kulainisha.

Mabadiliko ya sasa yalianza katika muongo huohuo. Wanawake wengi waliamua kukata nywele za dawa na kuacha zao ziote. Mwaka 2015 Michelle Ntalami alizindua Marini Naturals, chapa ya Kenya iliyotengenezwa mahsusi kwa nywele za asili. Oktoba 2022 sayansi iliongeza uzito: utafiti wa Marekani uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000 kwa karibu miaka 11 uligundua kuwa waliotumia dawa za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walipatwa na saratani ya mfuko wa uzazi kwa kiwango cha zaidi ya maradufu ya wasiotumia. Tangu hapo, kuuliza kilichomo ndani ya kopo si maringo tena.

Hapo ndipo hina ilipovuka mpaka wake wa zamani, ikakutana na kondishona katika bakuli moja.

Kinachotokea ndani ya bakuli hilo kinaeleweka vizuri. Jani la hina lina chembe ya rangi iitwayo lausoni. Unga ukikorogwa na maji yenye uchachu kidogo, kama ya ndimu, chembe hiyo huachiliwa polepole, kisha hushikamana na keratini, protini inayojenga unywele. Haikwanguliwi wala haioshwi. Hudumu mpaka unywele ukatwe. Kwa kuwa hina haifuti rangi iliyopo, nywele nyeusi hubaki nyeusi, ila juani hutoa mng'ao mwekundu. Mvi ndizo hugeuka shaba kabisa. Unywele huhisiwa mnene na mgumu zaidi, na kwa baadhi ya watu mizunguko hulegea kidogo.

Ugumu huo ndio uliozaa majaribio. Hina peke yake huacha nywele za kipilipili zikiwa kavu kama majani ya mahindi, na aliyeitumia bila kulainisha baadaye huilaumu hina bure. Kondishona ina viambato vyenye chaji chanya vinavyonata juu ya unywele ulioharibika, ambao una chaji hasi, na kuufanya uteleze chini ya kitana. Wako wanaopaka hina tupu kwanza, wakaosha, ndipo wakakaa na kondishona nzito kwa saa nzima. Wako wanaochanganya vyote: sehemu ndogo ya hina iliyokwisha kutoa rangi, sehemu kubwa ya kondishona. Njia ya pili hutoa rangi hafifu, kwa sababu mafuta na silikoni huuvika unywele na kuizuia lausoni isiushike, lakini huoshwa kwa urahisi, na kwa nywele nyingi zilizojikunja hilo ni jambo kubwa: unga wa hina uliokwama ndani ya mizunguko waweza kuwa adhabu ya jioni nzima. Anayeanza aanze na hiyo ya pili.

Nchi ya chai ina masharti yake katika kazi hii. Joto ndilo linaloharakisha kutoka kwa rangi. Mombasa bakuli lililofunikwa huwa tayari ndani ya saa chache. Kericho, ambako usiku ni wa baridi, unga huohuo huhitaji kulala hadi asubuhi, na karibu na jiko ni bora kuliko dirishani. Kichwa chenyewe kifunikwe kwa plastiki na kitambaa kizito, la sivyo hina hupoa na kukauka kabla ya kazi kwisha. Kwa upande mwingine, milima ina zawadi ambayo visima vingi vya pwani havina: maji ya mvua yanayokingwa kwenye mabati hayana chokaa wala chumvi, na nywele zilizosuuzwa kwayo huachia kondishona vizuri bila kubaki na utando.

Halafu kuna chai. Huko India na Pakistan hina hukorogwa mara nyingi kwa chai ya rangi iliyopoa, kwa ajili ya uchachu na tanini zake, na Kericho, makao ya kiwanda cha chai cha Ketepa tangu 1977, kiambato hicho hakikosekani jikoni. Chai ya rangi hutumiwa pia peke yake kusuuza nywele, nayo huzikoleza kidogo. Tanini nyingi mno hukausha, hivyo kondishona hufuata. Uchina na Japani wanakamua mafuta ya nywele kutoka mbegu za jamaa wa mchai. Watafiti wa chai wa Kericho, waliotoa chai ya zambarau mwaka 2011, wameonyesha kwamba mmea huu una zaidi ya kikombe. Inapaswa wakulima wadogo wa Bomet wafaidike nao kwa njia hiyo pia, badala ya kuuza majani tu na kusubiri bonasi.

Hatari ipo, na ina jina linalojulikana pwani: piko. Kinachouzwa kama hina nyeusi mara nyingi kina PPD, kemikali ya rangi za nywele, ambayo kwa baadhi ya watu huleta malengelenge, uvimbe wa uso na mzio usioisha maishani. Hina halisi haiwezi kuwa nyeusi. Hina nyingine huchanganywa na chumvi za metali, na mtu akija kupaka blichi juu yake nywele huungua. Watoto wachanga wasipakwe kabisa: wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wengi katika sehemu za malaria kama ukanda wa ziwa, wanaweza kuvunjikiwa chembe nyekundu za damu.

Basi msomaji anayetaka kujaribu asome kwanza nyuma ya pakiti. Kiambato kiwe kimoja, Lawsonia inermis, na unga uwe wa kijani au kahawia unaonukia majani makavu. Apake kidogo nyuma ya sikio na kusubiri siku mbili, kisha ajaribu kishungi kimoja kabla ya kichwa kizima. Pakiti iliyoandikwa hina nyeusi aiache dukani.