Mahmali Katika Picha za Zamani

Leo tutajifunza historia kwa kutazama picha.

Fikirini barabara ya Cairo, nchi ya Misri, katika karne ya 19. Watu wamejaa pande zote mbili. Katikati anapita ngamia. Mgongoni amebeba kitu kama hema dogo lenye ncha, lililofunikwa kitambaa cha kutarizi. Ndani hamna mtu. Hiyo ndiyo mahmali, alama ya mtawala wa Misri, iliyofuatana na mahujaji mpaka Makka. Damascus nako walikuwa na mahmali yao, na mahujaji wa kila upande walijulikana kwa ngamia wao.

Picha za maandamano hayo zipo. Nyingi zilipigwa na wageni, wakawauzia wageni wenzao. Kwa hiyo napenda mjue habari za Muhammad Sadiq Bey. Huyu alikuwa Mmisri, afisa wa jeshi na mpimaji wa ardhi. Mwaka 1861 alipiga picha Madina. Mwaka 1880 alisafiri na mahmali, akiwa mtunza fedha wa msafara, akapiga picha Makka. Si kazi ndogo! Siku hizo kamera ilikuwa sanduku zito, na picha ilinaswa kwenye kioo kilichopakwa dawa. Mtu akitembea, mara nyingi alitoka kama moshi.

Makka kwenyewe alikuwako daktari mmoja, Abd al-Ghaffar. Mwaka 1885 alimpokea mtaalamu wa Kiholanzi, Christiaan Snouck Hurgronje. Mholanzi huyo alifukuzwa mwaka ule ule, kabla ya Hija. Basi daktari akaendelea na kamera. Akapiga picha za watu wa mji wake, na za mahema ya mahujaji, akampelekea mwenzake Ulaya. Mwaka 1889 zikatoka kitabuni. Lakini daktari alikuwa ametia sahihi yake kwa Kiarabu, na katika picha kadhaa sahihi hiyo ilifutwa. Kwa miaka mingi watu walidhani zote ni kazi ya Mholanzi. Jambo hili huniuma kila nilisomapo.

Sasa kazi yenu. Tafuteni nyumbani picha ya zamani ya maulidi, au ya maandamano ya kanisa. Ulizeni wazee: ni nani hawa, na nani aliipiga? Andikeni majina nyuma, kwa kalamu ya risasi. Mimi ninayo moja ya maulidi ya mtaani kwetu. Nyuma yake hakuna jina hata moja.