Nyumba Niliyomjengea Baba

Mwaka 1978 nilimjengea baba nyumba ya matofali ya kuchoma na bati, hatua chache kutoka nyumba yake ya mianzi, kijijini kwetu chini ya Mlima Rungwe. Nilikuwa mwalimu kijana, na siku zile "nyumba bora" ilikuwa wimbo wa kila mkutano. Baba alishukuru, akalala humo wiki moja, kisha akarudi kwenye nyumba yake ya zamani. Nilikasirika mno. Nilidhani ni ukaidi wa uzee.

Tukuyu si Dar es Salaam. Tuko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na mwezi wa Julai mwalimu hashiki chaki asubuhi kabla ya kupulizia vidole. Bati hupoa mara jua likizama. Mvua ikinyesha, na kwetu hunyesha sana, watu wawili chini yake hawasikilizani.

Joseph Thomson, aliyepita nchi yetu mwaka 1879, alizistaajabia nyumba za Wanyakyusa: kuta za mianzi zilizojazwa vidonge vya udongo, na paa la nyasi. Godfrey na Monica Wilson, walioishi kwetu miaka ya 1930, walikuta ng'ombe wakilala nyumba moja na watu. Sisi tuliosoma tulilionea haya jambo hilo. Hatukufikiri kwamba ng'ombe ni jiko lisilotaka kuni! Tangu Wamoraviani walipofungua misheni ya Rungwe mwaka 1891, ujenzi wa kizungu ulizidi kuenea, na kwa kizazi changu tofali la kuchoma likawa alama ya msomi. Miti ya kando ya kijito chetu iliishia katika tanuri langu. Baada ya hapo mama alikwenda mbali zaidi kutafuta kuni, wala hakunilaumu hata siku moja.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya mjukuu wangu anayesomea ujenzi. Alinieleza kuhusu majengo yanayopewa hati ya kutunza mazingira. Mpango uitwao EDGE, wa IFC iliyo chini ya Benki ya Dunia, hudai jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapo. Maji hupimwa vivyo hivyo, na vifaa vya ujenzi pia. Nikamwuliza, "Na jengo la kawaida ni lipi, babu?" Akanyamaza kidogo, akasema ni kama hili tulilokaa ndani yake. Basi kipimo chenyewe ndicho kile kile nilichomletea baba kama maendeleo, na nyumba ya baba haikuwa hata miongoni mwa watahiniwa.

Sisemi turudi kwenye nyasi. Moshi ulimharibu mama macho, na paa lile lilidai kuezekwa upya kila mara. Nani leo atapata nyasi za kutosha? Ila tungeweza kumwuliza mzee, kabla ya kufyatua tofali la kwanza, usiku analalaje.

Baba alifariki mwaka 1986, katika nyumba ya mianzi. Ile ya bati nimeirithi mimi. Kipupwe kilichopita mjukuu wangu alifunga dari ya mianzi chini ya bati, akaikandika udongo kwa juu. Blanketi la pili nimelirudisha sandukuni.